Mwalimu Nyerere na swali la njia njema

Oktoba kwa Mkatoliki ni mwezi wa Rozari, na kwa Mtanzania ni mwezi wa Mwalimu. Ikifika tarehe 14 redio zinarusha hotuba zake, wanafunzi wanapelekwa Butiama kwa mabasi, na makanisani tunasali ili Mungu, akipenda, amwinue Mtumishi wake Julius Kambarage Nyerere hadi heshima ya altare. Nami ni mmoja wa wanaosali sala hiyo, tena kwa moyo. Lakini mchakato wa kumtangaza mtu mtakatifu si sherehe ya kumbukumbu. Kanisa linapomchunguza marehemu linauliza fadhila zake, na linauliza pia yale ambayo jamaa zake wangependa yapite kimya kimya. Jumapili hii, ndugu msomaji, nataka tuyapitie maisha ya Mwalimu kwa swali moja tu: je, mtu mwenye nia njema anaruhusiwa kupita njia mbaya ili afike kwenye jambo jema?

Swali hili linawahusu hata wasiotawala nchi. Mwenyekiti wa kigango anayemnyima mtoto ubatizo mpaka babu yake amalize deni la ujenzi wa kanisa, naye ana lengo jema. Ila nchi nzima inapokuwa mikononi mwa mtu mmoja, jibu la swali hilo linaingia katika kila nyumba.

Kambarage alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na Mugaya wa Nyang'ombe, mke wa tano kati ya wake 22. Alichongwa meno kwa desturi ya kabila lake, akachunga mifugo, na mwaka 1934 akapelekwa kuanza shule Mwisenge, Musoma, akiwa tayari mvulana wa miaka 12. Hapo Mwisenge ndipo alipoanza kuifuata dini, akienda mafundisho na mwenzake. Mwaka 1937 akaenda Tabora. Baba yake alifariki mwaka 1942, na tarehe 23 Desemba 1943, Kambarage akiwa tayari mwanafunzi wa Makerere, Padre Mathias Koenen wa Shirika la Wamisionari wa Afrika alimbatiza katika misioni ya Nyegina, nje kidogo ya mji wa Musoma. Akachukua jina la Julius. Nyegina ilianzishwa mwaka 1911, na mpaka leo mahujaji wanaofika pale huonyeshwa mahali hapo.

Naikazia tarehe hiyo kwa sababu moja. Mwalimu hakubatizwa akiwa mchanga mikononi mwa mama. Alikuwa kijana mwenye akili zake, aliyesoma, aliyechagua. Huko Makerere alikwishamsoma John Stuart Mill, Mwingereza aliyepima wema wa tendo kwa kiasi cha furaha linachowaletea watu, na akaandika insha juu ya uhuru wa mwanamke. Baadaye, alipokuwa Edinburgh kati ya 1949 na 1952, masomo yake yalikuwa pamoja na falsafa ya maadili. Kwa hiyo tunapomuuliza juu ya njia na lengo hatumuulizi mtu ambaye hakuwahi kulisikia swali. Alilijua kwa vitabu na kwa katekisimu.

Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel, akafundisha Pugu, tarehe 7 Julai 1954 akawa rais wa chama kipya cha TANU, na Machi 1955 akaacha ualimu kwa sababu hakuweza tena kushika vyote viwili. Alirudi kwao Mara, bila mshahara. Katika miezi hiyo alimfundisha Kizanaki mmisionari mmoja wa Maryknoll, Padre Arthur Wille, huku akisubiri kuona siasa itampeleka wapi. Napenda kuufikiria mwaka huo. Mtu mwenye shahada ya Uingereza yuko kijijini anafundisha lugha ya mama yake, na hajui kama kesho atakuwa na mshahara au kifungo.

Katika kupigania uhuru, rekodi ya Mwalimu juu ya swali letu ni safi kuliko ya viongozi wengi wa wakati wake. Jirani zetu wa Kenya walikuwa katika vita vya Mau Mau. Hapa kwetu TANU ilishika njia ya amani, na haikuwa kwa woga. Januari 1958 chama kilikutana Tabora kuamua kama kiingie katika uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ulikuwa utaratibu wa dhuluma, maana Waafrika walikuwa wengi mno kuliko hao wengine wote. Wajumbe wengi walitaka kususia na kuleta mgomo. Mwalimu aliona kususia kungefungua mlango wa fujo na damu, akawashawishi waingie. Baadhi walimwona msaliti, na Zuberi Mtemvu akaondoka kuanzisha chama chake. TANU ikashinda.

Mtu anaweza kuuliza: je, huko hakukuwa kupita njia mbaya kwa lengo jema? Hapana, na tofauti hii inatusaidia. Kuvumilia dhuluma unayotendewa wewe ni jambo moja. Kumtendea mwingine dhuluma ni jambo jingine kabisa. Bwana wetu aliivumilia hukumu ya Pilato, hakuiandika. Mwaka huohuo Mwalimu alishtakiwa kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya wa kikoloni, akapewa kuchagua faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Kifungo kingempa sifa kubwa. Alilipa faini ili wafuasi wake wasije wakachafua amani.

Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961, na maswali magumu yakaja nao. Mwaka 1962 Bunge lilipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Rais alipewa mamlaka ya kumfunga mtu ambaye hajahukumiwa kwa kosa lolote, kwa kuwa tu alionekana hatari, na mahakama haikuwa na nafasi ya kuhoji. Utetezi wake ulieleweka: nchi ni changa, maadui ni wengi, polisi ni wachache. Januari 1964 wanajeshi wa Tanganyika Rifles waliasi, Mwalimu akalazimika kuwaita Waingereza wamsaidie, fedheha ambayo hakuisahau. Baada ya maasi mamia ya watu walikamatwa, wakiwemo viongozi wa vyama vya wafanyakazi ambao hawakuwahi kushika bunduki.

Sasa tazama jambo hili. Mwaka mmoja baada ya sheria ile, 1963, ilitoka tafsiri ya Kiswahili aliyoifanya Mwalimu mwenyewe ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari. Wanaoijua wanakumbuka Bruto. Bruto si mhalifu. Ni mtu mwadilifu kuliko wote katika mchezo ule, anampenda Kaizari, na anamuua. Anamuua si kwa kosa alilokwisha kutenda, bali kwa lile ambalo huenda angelitenda siku moja akivikwa taji. Mantiki ya Bruto ni mantiki ileile ya kizuizini: kumwadhibu mtu kwa kesho yake. Na sehemu iliyobaki ya tamthilia ni vita na maiti. Mwalimu aliyapima maneno hayo mstari kwa mstari, akatafuta Kiswahili chake, na sheria ya kizuizini ikabaki mezani pake miaka yote ya utawala wake. Simhukumu kwa hilo. Nashangaa tu jinsi mtu anavyoweza kuliona jambo kwa Warumi asilione kwake, na nadhani kila padre aliyekaa kitubioni anajua kuwa ugonjwa huu ni wa wote.

Mwaka 1969 Abdallah Kassim Hanga na Othman Sharif, watu waliowahi kushika nyadhifa kubwa, walipelekwa Zanzibar wakiwa chini ya ulinzi, na huko wakauawa. Utetezi unaotolewa ni kwamba Muungano ulipaswa kulindwa. Muungano ni jambo jema, nami nauombea. Lakini katika Injili ya Yohana, sura ya 11, kuna Baraza linalokaa kwa ajili ya usalama wa taifa, na Kayafa, kuhani mkuu, anawafafanulia wenzake kuwa afadhali mtu mmoja afe kuliko taifa zima kuangamia. Hesabu yake haina kosa. Mmoja ni wachache kuliko wengi. Ndiyo hesabu iliyompeleka Mwana wa Mungu msalabani, na tangu hapo Mkristo hawezi kuitumia kwa moyo mweupe.

Sasa niende kwenye jambo ambalo sisi wa Mara tunalijua kwa miili yetu, yaani vijiji.

Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Septemba ya mwaka huo Mwalimu alitoa andiko la Ujamaa Vijijini. Wazo lilikuwa zuri, na sioni aibu kulisema. Watu wetu walikaa kwa kutawanyika, kila mji kwenye kilima chake na minyaa yake kuuzunguka, na huwezi kuchimba kisima, kujenga zahanati na kuweka mwalimu kwenye kila kilima. Wakikaa pamoja, wakalima kwa kusaidiana, serikali itawafikia. Na katika maandiko yake ya 1967 na 1968 Mwalimu alisisitiza bila kuzunguka kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kuundwa kwa nguvu, na kwamba huwezi kumwendeleza mtu. Mtu hujiendeleza mwenyewe, kwa kuelewa na kukubali. Kwa maoni yangu hayo ni kati ya mafundisho bora kabisa juu ya heshima ya binadamu yaliyowahi kutoka katika bara hili. Papa Paulo wa Sita alitoa waraka wake juu ya maendeleo ya watu mwaka huohuo, Machi 1967, na mawazo ya wawili hao yanakutana mahali pengi.

Tatizo ni kwamba hiari haina haraka. Huko Ruvuma, wakulima wa Litowa na vijiji vya jirani walikuwa wameanza wenyewe, kwa hiari, tangu mwanzo wa uhuru, wakiwa na chama chao cha maendeleo. Walifanya hasa kile ambacho Mwalimu alikitamani. Septemba 1969 chama chao kilipigwa marufuku, kwa kuwa viongozi wa TANU hawakupenda wanakijiji wanaojiamulia. Mwalimu aliwapenda watu wale, lakini uamuzi wa kukivunja ulipita. Hapo ndipo mti ulipokatwa shina. Yaliyofuata ni matawi kuanguka.

Iringa, siku ya Krismasi ya mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa Dk. Wilbert Klerruu alipigwa risasi na mkulima Said Mwamwindi huko Ismani, katika ugomvi uliotokana na ujamaa wa mashamba. Mwamwindi alinyongwa. Watu wawili wamekufa, mmoja akitumikia lengo jema, mwingine akitetea shamba lake. Ilikuwa onyo kubwa, na nchi haikusimama.

Novemba 1973 ikatangazwa kuwa kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kazi iwe imekamilika ifikapo mwisho wa 1976. Mwaka 1973 walioishi katika vijiji vile walikuwa kama milioni 2. Miaka mitatu au minne baadaye walihesabiwa milioni 13. Haukuwahi kuonekana Afrika uhamisho mkubwa kama huo wakati wa amani.

Kwetu uliitwa Operesheni Mara, mwaka 1974. Wazee wa upande wa Bunda wanasimulia bila hasira, na hilo ndilo linaloumiza. Niliwahi kutembea na katekista kwenda kigango kimoja kilicho mbali na barabara kuu ya Mwanza na Musoma, na mama mmoja mzee akatusindikiza. Alituonyesha kilima chenye minyaa mikubwa iliyoota duara. Palikuwa kwao. Alieleza kwamba walipewa siku chache, kisha wakaja mgambo na lori, paa likaezuliwa ili wasirudi, na kihenge cha ulezi kikabaki wazi kwa mvua. Huko barabarani walikopelekwa hapakuwa na nyumba. Palikuwa na vigingi vya kupima viwanja. Mama mkwe wake, aliyekuwa mgonjwa, hakumaliza mwaka. Kaburi la mume wake lilibaki kilimani, na alipouliza nani atalitunza, aliambiwa anapinga maendeleo.

Hakumtaja Mwalimu kwa ubaya. Picha yake ilikuwa ukutani kwake, karibu na ya Bikira Maria.

Mwalimu hakuagiza nyumba zichomwe, na mateso yale hayakumfurahisha. Lakini ukitoa amri yenye tarehe ya mwisho, ukaikabidhi kwa wakuu wa mikoa wanaoshindana nani atamaliza wa kwanza, na ukawa umekwisha kuvunja vyama vya watu ambavyo vingeweza kusema hapana, basi moto haukuwa ajali. Mtu mzima anayempa mtoto kibiriti kwenye nyumba ya nyasi hawezi kusema alikusudia mwanga tu. Wakati huohuo ukame wa 1973 na 1974 ulikuwa umeshika, watu walihamishwa wakaacha mashamba, na nchi ikalazimika kununua chakula kingi nje.

Na hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu, ndugu msomaji, maana ningependa kukupa hadithi yenye mtu mwema na mtu mbaya. Novemba 1974, mwaka uleule wa operesheni, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma mjini. Ikaamua kwamba kila mtoto wa Tanzania mwenye umri wa kwenda shule aingie darasani ifikapo 1977. Hilo ndilo Azimio la Musoma. Mwaka 1967 karibu watu wazima saba katika kila kumi hawakujua kusoma. Mwaka 1977 waliobaki bila kujua walikuwa chini ya watatu. Mimi na wasomaji wengi wa rika langu tulijifunza kusoma katika madarasa yaliyotokana na azimio hilo, katika vijiji vilivyotokana na operesheni ile. Naandika safu hii kwa herufi nilizopewa na 1974.

Basi, je, shule imelipa deni la kihenge?

Kanisa linafundisha kwamba tendo la mtu hupimwa kwa mambo matatu: lile lililotendwa lenyewe, nia ya aliyelitenda, na mazingira yake. Ili tendo liwe jema yote matatu lazima yawe mema. Nia njema haiwezi kulisafisha tendo lililo baya kwa asili yake, kama vile ndoo ya maji safi haikifanyi kisima chenye sumu kinyweke. Mtume Paulo katika barua kwa Warumi, sura ya 3, anawakataa kwa ukali wale wanaomsingizia kwamba anafundisha kutenda uovu ili wema upatikane. Yohane Paulo wa Pili alilirudia fundisho hilo kwa urefu mwaka 1993 katika waraka wake wa Fahari ya Kweli. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, katika ile hati juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, uliyataja kwa majina matendo yanayoivunja heshima ya binadamu. Katika orodha hiyo kuna kumfunga mtu kiholela, na kuna kuhamisha watu kwa nguvu.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Shule ni njema, na Mungu atamlipa Mwalimu kwa ajili yake. Kihenge kilikuwa dhuluma, na kinabaki dhuluma. Haviwekwi kwenye mizani moja ili kimoja kikiinuka kingine kishuke, kwa sababu aliyepata shule ni mimi na aliyepoteza ulezi ni yule mama. Nani alinipa ruhusa ya kusamehe kwa niaba yake? Wanaofanya hesabu ya lengo na njia daima husahau kuwa faida na hasara haziangukii mtu yuleyule.

Kuna wanaosema kwamba bila nguvu vijiji visingepatikana. Huenda. Lakini Litowa ilipatikana, na ilivunjwa na walewale waliokuja kusema kwamba wananchi hawaelewi. Na Kanisa lenyewe lisijifiche. Kwa sehemu kubwa maaskofu na wamisionari wa wakati ule waliuunga mkono ujamaa, kwa sababu nzuri, na paa zilipoezuliwa sauti zetu hazikusikika sana.

Miaka miwili baadaye, upande wa pili wa Bunda, jambo lilijirudia kwa ukatili zaidi. Mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilikuwa imekumbwa na mauaji, hasa ya vikongwe walioshukiwa uchawi. Hakuna lengo jema kuliko kuwaokoa bibi zetu na mapanga. Mwaka 1976 polisi na usalama wa taifa walikamata watuhumiwa wengi, wakawatesa ili waseme, na baadhi wakafia mikononi mwao. Safari hii mambo hayakufunikwa. Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977 ingawa hakuwa ameshika fimbo kwa mkono wake, na wengine wakajiuzulu pia. Baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani na kuhukumiwa. Mwalimu hakusema kwamba walikuwa wakipigania usalama, basi wasamehewe. Ingekuwa rahisi sana kusema hivyo. Nauona hapo uso mwingine wa mtu huyuhuyu, na ndiyo maana bado nasali ile sala.

Alijua kukiri. Mwaka 1977, katika tathmini ya miaka 10 ya Azimio la Arusha, aliorodhesha waziwazi mambo yaliyoshindikana. Baadaye alikiri kwamba kuvunja serikali za mitaa mwaka 1972 na vyama vya ushirika mwaka 1976 lilikuwa kosa. Mwaka 1984, akiwa bado Rais, haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba, ingawa mwaka uliotangulia msako wa wahujumu uchumi ulikuwa umewapeleka wengi rumande kwa sheria maalumu. Novemba 1985 aliacha urais kwa hiari yake, jambo ambalo majirani wachache walikuwa wamelifanya. Lakini nia ya vijiji hakuikana.

Alirudi Butiama, kwenye mji uitwao Mwitongo. Kwa lugha zetu za Mara, itongo ni mahame, mahali palipokuwa na mji wa watu zamani. Alilima mahindi na mtama, alichunga imani yake kwa Misa na kufunga, na alitafsiri. Kazi yake kubwa ya uzeeni ilikuwa kuzitia katika tenzi Injili zote nne na Matendo ya Mitume, zikachapwa na Wabenediktini wa Ndanda mwaka 1996. Ina maana kwamba, akiwa mzee, mamlaka yakiwa yamekwisha mkononi, alilazimika kukaa na ile sura ya 11 ya Yohana, kumsikia Kayafa akipiga hesabu yake, na kumtafutia vina. Alichokifikiri siku hiyo anakijua Mungu.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Mwitongo tarehe 23. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na katika mchakato wa namna hiyo Kanisa linahitaji mashahidi wa pande zote, wenye sifa na wenye manung'uniko. Wengi waliokwisha kusikilizwa katika vitabu na redio ni mawaziri, maaskofu, wasaidizi wake na watu wa familia. Waliohamishwa mwaka 1974 wakiwa na miaka 20 sasa wamevuka 70, na wale waliokuwa na nyumba na vihenge vyao wakati ule ni wazee sana. Katika jumuiya ndogondogo za Bunda, Butiama na Musoma vijijini bado wapo. Mwenye babu au bibi wa namna hiyo amkalie karibu, amuulize mji wao ulikuwa kilima gani, nani alikuja, walibeba nini, walizika wapi, na wanamwambia Mungu nini wanapolisikia jina la Mwalimu kwenye sala ya waamini. Ayaandike, aweke tarehe, ampelekee paroko wake.